Eda ya Mtu Hai

Siku ambayo mwandishi Yuliana Agustino alishuka kutoka Towelo, juu mlimani, kuja kuwasomea wasanii wa Kikundi cha Lukwangule igizo lake jipya, Hidaya ndiye aliyempangia kiti. Alikifuta vumbi kwa ncha ya mtandio, akaweka chupa ya chai pembeni, kisha akasimama karibu kama binti anayempokea mama yake mbele ya wageni. Wenzake walimtazama kwa kijicho kidogo. Kila mmoja wao alijua kwamba kama si Hidaya, bibi yule aliyevuka miaka sabini, ambaye vitabu vyake walivisoma sekondari, asingekubali kukiandikia chochote kikundi cha vijana wa Mafiga kinachofanyia mazoezi kwenye ghala la zamani la katani.

Godlisten, mwongozaji wao, alipiga makofi kuwanyamazisha.

"Karibu, Mama. Tunakusikiliza."

Bi Yuliana alivaa miwani, akaanza kusoma. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini imenyooka, na ilikuwa na lafudhi ya milimani ambayo miaka yote ya ualimu haikuiondoa. Igizo lilianza kwa mwanamke kupiga yowe alfajiri. Majirani wanakuja mbio. Mwanamke anawaambia mumewe amefia machimboni, mbali, na wenzake wamemzika hukohuko. Majirani wanatandika mikeka, wanakoka moto, wanapika, wanasoma hitma. Mwanamke anaingia eda.

Hidaya aliacha kuwatazama wenzake, akamtazama msomaji.

Halafu, Bi Yuliana akasoma, mwanamke yule anabaki chumbani peke yake na binti yake mdogo. Anamvuta karibu, anamwambia, "Baba yako hajafa. Ametuacha. Lakini ukimwambia mtu, utakuwa umeniua mimi."

Yasmin, aliyekaa bega kwa bega na Hidaya, akanong'ona, "Aisee, huyu bibi noma."

Hidaya alitazama sakafu. Maneno yale aliyajua. Aliyasikia kwa masikio yake alipokuwa na miaka tisa, katika chumba chao mtaa wa pili kutoka pale walipokaa. Hayakutungwa na mtu yeyote. Ni ya mama yake.

Bi Yuliana alifunua ukurasa, akaendelea mbele, na kila alichosoma Hidaya alikijua kabla hakijasomwa. Binti anakua. Binti anakwenda gulioni, mji wa mbali. Pale penye magunia ya karanga anamwona baba yake, na baba hamtambui.

Walipopiga makofi walisimama wote. Godlisten alikuwa anapangusa macho bila kuona haya.

"Hidaya," alisema, "wewe ndiye mama. Hakuna mwingine. Na tutafungua hapahapa Mafiga, uwanja wa shule, bila kiingilio. Mtaa wote uje uone."

Bi Yuliana alimgeukia Hidaya, uso wake umejaa furaha ya mtoto aliyeleta zawadi.

"Umelionaje?"

"Zuri, Bibi," Hidaya akasema. Alikwenda nje kwenye bomba, akafungua maji, akasimama pale mpaka ndoo ikafurika miguuni pake.

*

Urafiki wao ulianza mwaka uliotangulia. Kikundi kilikuwa kimeigiza sehemu ya riwaya moja ya Bi Yuliana, ile ya muuguzi wa Mgeta, bila hata kumwomba ruhusa, na Hidaya ndiye aliyekuwa muuguzi. Baada ya onyesho, bibi mmoja aliyefunga kitenge na kuvaa raba alimfuata nyuma ya pazia.

"Pale unapomfunga mgonjwa kidonda mbona unaharakisha? Unaogopa watu watachoka?"

Hidaya alikiri kwamba anaogopa.

"Waache wachoke. Mgonjwa ndiye usimfanyie haraka."

Hapo ndipo alipojitambulisha, na Hidaya, aliyekuwa amevisoma vitabu vyake mpaka majalada yakang'oka, alishindwa hata kumwamkia.

Tangu siku ile, Jumapili ikifika alasiri, Hidaya alikuwa akipanda Towelo. Bi Yuliana aliishi peke yake katika nyumba ya matofali iliyozungukwa na migomba, mahali ambapo asubuhi ukungu unalala mlangoni. Walizungumza habari za vitabu, wakapika, wakabishana. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Hidaya anawaza nini kisha akanyamaza kweli kusubiri jibu. Bi Yuliana alikuwa anasubiri.

Siku moja ya masika, mji wote umefunikwa huko chini hauonekani, walikuwa jikoni wanapukuchua maharage, na Hidaya akamwambia. Hakukusudia. Wiki ile alikuwa ametoka Gairo, ambako kikundi kilialikwa kuigiza siku ya gulio, na kwenye magunia ya karanga alimwona baba yake, Hafidhi, yule ambaye Mafiga walimsomea hitma. Alikuwa amenenepa. Alimtazama Hidaya usoni, akasema, "Karibu, binti, karanga mpya hizi," na macho yake yakaendelea kwa mteja mwingine.

Alimwambia na mengine yote. Jinsi Hafidhi, aliyekuwa utingo wa malori, alivyotuma mtu kusema kwamba ameoa kwingine na hatarudi. Jinsi mama yake alivyokaa na habari ile siku nzima bila kula, kisha kesho yake alfajiri akapiga yowe.

Bi Yuliana aliacha maharage, akamshika mkono, akaushika muda mrefu. Hidaya alishuka mlima siku ile akijihisi mwepesi kama aliyetuliwa mzigo wa kuni.

*

Sasa mazoezi yalianza, na usingizi wa Hidaya ukaisha.

Mama yake, Bi Faraja, aliuza mboga sokoni, na mtaani aliheshimika sana. Walimwita mjane wa Hafidhi. Wanaume kadhaa walikuja kumposa kwa miaka ile, wa mwisho akiwa Abdulswamad, fundi cherehani, mtu mpole asiye na doa. Wote aliwarudisha. Wanawake walisema huyo ndiye mke, bado anamheshimu marehemu. Sasa kila Hidaya alipopiga yowe ghalani, aliwaza nani anapita njiani na anasikia nini.

"Sauti inakukatika," Godlisten alimwambia. "Huyu mama anawadanganya watu. Lazima alie kuliko aliyefiwa kweli. Rudia."

Alirudia. Jioni alipofika nyumbani, Bi Faraja alikuwa anaosha masufuria uani.

"Mayowe yenu yanafika mpaka huku. Mnaigiza nini safari hii?"

"Msiba, mama."

"Msiba wa nani?"

"Wa mtu tu. Hadithi."

"Basi safari hii nakuja kukuona. Mama Mansuri naye kasema anakuja. Tumekubaliana tuwahi viti vya mbele."

Mama Mansuri alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Ndiye aliyepika katika matanga yale. Hidaya aliingia ndani, akaketi kitandani, akajaribu kufikiria onyesho lile kutoka viti vya mbele. Alimwona mama yake akitazama mwanawe akipiga yowe lake mwenyewe, na Mama Mansuri pembeni akigeuza shingo polepole.

Jumapili alipanda Towelo kabla ya saa yake ya kawaida. Bi Yuliana ndiyo kwanza alikuwa amerudi kanisani, hajabadili nguo.

"Bibi, lile igizo ni mama yangu."

Bi Yuliana alivua kilemba, akakikunja, akakiweka mezani.

"Nimebadilisha majina. Nimewahamisha kijiji. Mume sikumfanya utingo, nimemfanya mchimbaji."

"Yowe ni lake. Na maneno aliyoniambia chumbani ni yake, neno kwa neno."

"Uliniambia wewe mwenyewe, Hidaya."

"Nilikuambia, Bibi. Sikukupa."

Mvua ilikuwa imeanza juu ya bati. Bi Yuliana alikaa kwenye kiti chake cha karibu na dirisha, na kwa mara ya kwanza Hidaya alimwona jinsi alivyozeeka.

"Tangu mume wangu afe sijaandika kitu," alisema. "Nakaa mezani, nanyanyuka. Nakaa, nanyanyuka. Siku ile ulipoondoka nilikaa, na sikunyanyuka tena mpaka mkono ukafa ganzi. Nilifurahi mno. Sikujiuliza furaha ile naitoa kwa nani." Aligeukia dirisha. "Nilidhani unaelewa. Mtu akimsimulia mwandishi jambo…"

"Mimi sikumsimulia mwandishi. Nilimsimulia bibi yangu."

Bi Yuliana alikigusa kile kilemba mezani.

"Sasa nifanye nini? Matangazo yamekwisha bandikwa. Wenzako wamelala nalo, wameamka nalo. Niwaambie nini?"

"Sijui," Hidaya akasema, na ni kweli hakujua. Alitoka bila kusindikizwa. Njia ilikuwa imeloa, udongo mwekundu unateleza, na alishuka akijishikilia kwenye majani ya tembo, akiwaza kwamba sasa amempoteza bibi, na akifika chini atampoteza mama.

Maana alikuwa ameshaamua. Afadhali mama yake asikie kwake kuliko kusikia uwanjani.

*

Alimkuta anachambua mchicha, ungo mapajani.

"Mama, kuna mtu nimemwambia habari za baba."

Mikono ya Bi Faraja ilisimama.

"Habari gani za baba?"

"Zote."

Neno Gairo lilikuwa palepale kwenye ncha ya ulimi. Hidaya alilimeza. Aliona kwamba jambo moja kwa wakati mmoja linatosha, na kwamba lile la pili mama yake hataliweza.

Bi Faraja aliweka ungo chini, akaenda kufunga mlango, akafunga na dirisha, ingawa ilikuwa mchana kweupe.

"Nani?"

"Bi Yuliana. Mwandishi."

"Yule unayemwita bibi." Alivuta pumzi. "Na ameandika."

"Ndilo hilo igizo."

Hidaya alisubiri kelele. Hazikuja. Mama yake alirudi kwenye kigoda, akauchukua mchicha, akawa anaushika tu.

"Watu hawa wamenilisha uji kwa mikono yao," alisema kwa sauti ya chini. "Wamemsomea Kurani mtu aliye hai kwa sababu mimi nilisema amekufa. Unadhani sijui nilichofanya? Kila mwaka najua. Lakini mtoto wa aliyefiwa anahurumiwa, Hidaya. Mtoto wa aliyeachwa anachekwa. Ulikuwa mdogo. Nilichagua uhurumiwe." Alitazama mlango. "Nitawaangaliaje?"

Baada ya hapo hakuzungumza naye ila yale ya lazima. Chakula kiko chini ya kawa. Ufunguo uko dirishani. Hidaya alikwenda kumwambia Godlisten kwamba hataweza kuigiza.

"Unatania," Godlisten alisema. "Kwa nini?"

"Sina sababu ya kukwambia."

"Mama mzima ametuandikia igizo kwa ajili yako, halafu wewe huna sababu?" Alimtazama kwa uchungu zaidi kuliko hasira. "Haya. Yasmin atachukua nafasi. Igizo si lako, Hidaya. Ni la kikundi."

Kwa hiyo litaonyeshwa, yeye akiwepo asiwepo. Siku zile alipita njiani akikwepa kuyatazama matangazo yaliyobandikwa kwenye miti ya umeme. Usiku alimsikia mama yake anageuka upande huu na upande ule.

*

Wiki ile ya onyesho, alasiri, bodaboda ilisimama mbele ya nyumba. Bi Yuliana aliteremka kwa shida, akishika goti, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma ya kiti.

"Hodi hapa."

Bi Faraja alimjua kabla hajajitaja. Alimtazama kuanzia raba mpaka kilemba. Hidaya aliona midomo ya mama yake inafunguka, akajua sasa yatamwagika. Lakini mgeni alikuwa mtu mzima, yuko mlangoni.

"Shikamoo," Bi Faraja akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Pita."

Waliketi. Hidaya aliweka maji ya chai jikoni, akarudi kusimama karibu na mlango, asijue mahali pa kuweka mikono. Bi Yuliana alikuwa ameanza kusema, "Nimekuja mwenyewe kwa sababu…" pazia likafunuliwa. Mama Mansuri aliingia na bakuli la maandazi, kama alivyozoea kuingia siku zote, bila hodi.

"Nimesikia pikipiki, nikasema jamani, leo majirani wana mgeni! Ni ndugu wa marehemu?"

Hidaya alimtazama mama yake.

"Ni mwalimu wake Hidaya wa maigizo," Bi Faraja alisema.

"Alhamdulillahi! Mwalimu, karibu sana." Mama Mansuri alijisogeza mkekani, akaweka bakuli katikati. "Huyu mtoto, mwalimu, kalelewa na mjane. Wewe hukuwepo. Mama yake alikaa eda chumba kile pale, hali, hanywi, kakonda kama uzi. Mimi ndiye niliyekuwa namlazimisha uji. Na siku ya kutoka eda nilimwogesha mimi, kwa mikono yangu hii. Mifupa mitupu. Nililia mimi kuliko yeye. Na tangu hapo hajataka mume, kwa kumkumbuka yule bwana. Wako wapi wanawake wa namna hii siku hizi?" Akatikisa kichwa. "Mungu amrehemu Hafidhi."

Akamtazama mgeni, akisubiri.

Vidole vya Bi Yuliana vilikuwa vinavuta ncha ya kitenge, vinaikunja, vinaikunjua. Sauti yake, ile iliyojaza ghala bila kupazwa, ilitoka kwa taabu.

"Amina," alisema.

"Na hilo igizo ni lako, eti? Tunakuja mtaa mzima!"

"Halitakuwepo," Bi Yuliana akasema.

"Ee?"

"Nimeliondoa. Natoka kumwambia Godlisten sasa hivi. Sikuliandika vizuri."

Mama Mansuri alisikitika kweli. Alimpa pole, akamsifu kwa kujua kosa lake, akasimulia jinsi shela ya bibi harusi mmoja ilivyoharibika siku yenyewe ya harusi, halafu akakumbuka jungu lake motoni, akatoka.

Walisubiri mpaka hatua zake zilipopotea uani kwake.

"Nilimwandika jirani," Bi Yuliana alisema polepole, "kama watu wanaopika tu huko nyuma. Hawana hata majina. Sikujua kama kuna mmoja aliyekuogesha." Alimgeukia Bi Faraja. "Nisamehe. Nilijidanganya kwamba nikibadili hiki na kile inatosha. Yule muuza karanga nikamtoa Gairo nikampeleka Kongwa, nikasema basi, si yeye tena."

Hidaya alifumba macho.

"Muuza karanga gani?" Bi Faraja aliuliza.

Bi Yuliana alielewa alichofanya, akaziba mdomo kwa kiganja. Lakini Bi Faraja hakuwa anamtazama tena. Alikuwa anamtazama mwanawe.

"Hidaya. Karanga gani?"

"Nilimwona, mama. Mwaka jana, tulipokwenda kuigiza Gairo."

"Ulimwona nani?"

"Baba."

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianza kugongagonga. Hakuna aliyekwenda.

"Ulihakikisha ni yeye?"

"Ni yeye. Ana lile kovu kwenye nyusi."

"Amezeeka?"

"Amenenepa."

"Mkazungumza."

"Alinikaribisha karanga."

Bi Faraja alisogea mbele kidogo.

"Hakukujua?"

Hidaya alitaka kudanganya. Lingekuwa jambo jepesi, na mama yake angeliamini. "Hakunijua," alisema.

Ndipo Bi Faraja alipolia. Alilia bila sauti, mabega tu yanatikisika, mtandio umemfunika uso. Hidaya alikuwa amewahi kumwona mama yake akipiga yowe lililojaza ua mzima watu. Akilia hakuwa amewahi kumwona.

Bi Yuliana alinyanyuka taratibu, akatafuta raba zake mlangoni.

"Kaa," Bi Faraja alisema bila kuinua kichwa. "Hujanywa chai."

Akakaa. Walikunywa chai wote watatu, na walipomaliza Bi Faraja alisema jambo ambalo Hidaya hakulitegemea.

"Nilijua yuko hai mahali, sikujua wapi. Mnadhani Abdulswamad nilimkataa kwa sababu ya marehemu? Mke wa mtu ningeolewaje? Na kwa kadhi ningekwenda kusema nini, wakati mtaa mzima umesoma hitma?" Alipangusa uso kwa kiganja. "Sasa najua wapi."

*

Godlisten alibandua matangazo mwenyewe. Kikundi kilionyesha kichekesho chao cha zamani, watu wakacheka, na kwa muda mrefu Yasmin alikuwa anampita Hidaya bila salamu. Hidaya hakuwalaumu. Wao hawakujua lolote, na ilibidi wasijue.

Baada ya Idi, Bi Faraja alivaa baibui lake jipya, akamwambia Hidaya wanakwenda Gairo. Bi Yuliana alikuwa ameomba kuwasindikiza, na Bi Faraja alikataa.

"Huyo hapana," alisema, na mdomo ukamcheza kidogo. "Asije akaandika."

Walipanda basi la asubuhi. Walipopita Dumila, wachuuzi wakiinua ndoo za nyanya mpaka madirishani, Hidaya aliona mama yake anasogeza midomo, anajifunza maneno kama msanii kabla ya kupanda jukwaani. Yeye mwenyewe hakuwa na la kujifunza. Aliwaza watamkosa. Aliwaza watamkuta. Aliwaza mke mwingine atatoka na mwiko, gulio zima likusanyike, na katika gulio lile asikosekane mtu mmoja wa Mafiga.

Alikuwepo, mahali palepale, amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya magunia. Bi Faraja alisimama mbele yake.

"Karibu, mama, karanga…" Hafidhi alisema, akakatika. Kikombe cha kupimia kilibaki mkononi. "Faraja."

"Nimekuja kuchukua talaka yangu, Hafidhi. Sina lingine nalotaka kwako."

Hafidhi alitazama huku na huku, kama anayetafuta nani amesikia. Kisha macho yakamwangukia Hidaya, yakarudi tena, na safari hii yakabaki.

"Na huyu ni…"

"Huyu ni mwanao. Twende msikitini kabla watu hawajatawanyika."

Hakukuwa na mwiko wala kelele. Baada ya swala ya adhuhuri imamu aliwaketisha barazani, akauliza aliyopaswa kuuliza, akaita mashahidi wawili kati ya waumini. Hafidhi alitamka talaka akiwa ameinamisha kichwa. Ilikuwa jambo fupi kiasi kwamba Hidaya alidhani kuna sehemu nyingine inakuja. Waliponyanyuka, baba yake alimfuata mpaka barabarani na kifuko cha karanga. Hidaya alitikisa kichwa. Hafidhi alisimama pale na kifuko chake mpaka basi likaondoka.

Njiani Bi Faraja alilala, kichwa kimeegemea bega la mwanawe, mdomo wazi kidogo. Hidaya hakuthubutu kusogea.

Mafiga bado wanamwita Bi Faraja mjane wa Hafidhi. Atawaambia au hatawaambia, hilo ni lake mwenyewe, na hajalizungumza tena. Abdulswamad amekuwa akipita sokoni kununua mboga mara nyingi kuliko mtu anayeishi peke yake anavyohitaji. Lakini Mama Mansuri akifunua pazia na kuanza, "Enzi za marehemu," Hidaya bado anashtuka, na bado anamtazama mama yake kwa pembe ya jicho.

Hidaya alirudi Towelo kiangazi kilipofika. Alisimama mlangoni kitambo kabla ya kubisha. Bi Yuliana alimfungulia, wakasalimiana, wakaenda jikoni, kukawa na majani ya maboga ya kumenya, wakamenya.

"Mama hajambo?"

"Hajambo, Bibi."

Aliliona swali la pili likimfika Bi Yuliana mdomoni. Alikuwa anataka kujua habari za Gairo, alikuwa anataka mno, hata kisu kilikuwa kimesimama. Halafu kisu kikaendelea. Akauliza kuhusu mazoezi. Hidaya akamsimulia kuhusu mazoezi, kuhusu Yasmin ambaye sasa anamjibu salamu, kuhusu bati la ghala linalovuja. Mambo ya juujuu, na wote wawili walijua ni ya juujuu, ila walikuwa wamekaa pamoja.

Jua lilipoinama Bi Yuliana alimsindikiza mpaka kwenye kona, pale mji unapoonekana wote.

"Utakuja Jumapili?" aliuliza, na Hidaya alisikia katika sauti ile kwamba bibi naye anaogopa.

"Nitakuja, Bibi."

Alimaanisha. Alishuka mlima akiyapitia moyoni maneno yote aliyoyasema siku ile, moja baada ya jingine, kuona kama liko ambalo hakupaswa kulisema.